Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Filamu ya Maisha ya Mwanamitindo Aliyeharibikiwa, Ukiwa Nairobi

Nairobi haikosi hadithi za wasichana walioonwa barabarani, wakapigwa picha, sura zao zikapanda kwenye mabango, kisha wakapotea. Huyu unga wa heroini ulimmaliza, yule pombe, mwingine wakala alikula jasho lake mpaka akashindwa kulipa kodi ya nyumba. Vijana wenye kamera wanaotaka kusimulia maisha ya mmoja wao si wachache, na kazi nyingi za aina hii hukwama palepale: filamu inamwonyesha msichana akimeremeta, halafu inamwonyesha amechakaa, na katikati hapana mtu.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuifanya kazi hiyo sawasawa, tangu siku ya kubisha hodi kwa familia hadi siku ya kuonyesha filamu. Msimamo wangu ni mmoja na nitaurudia: mwanamitindo ni mfanyakazi. Alikuwa na saa ya kuripoti, bosi, malipo yaliyokatwa, wenzake wa kazi, watu waliofaidika naye na watu waliomwona akizama wakanyamaza. Shika kazi yake, filamu itasimama. Ukishika uzuri wake na kuanguka kwake tu, utabaki na picha nzuri na kilio.

Hatua ya 1: Soma kazi iliyotangulia

Kabla ya kuandika chochote, tazama Gia, filamu ya kituo cha televisheni cha HBO ya mwaka 1998 iliyoelekezwa na Michael Cristofer. Inasimulia maisha ya Gia Carangi, aliyezaliwa Philadelphia, Marekani, tarehe 29 Januari 1960. Alifanya kazi katika mkahawa wa babake, akaenda New York akiwa bado kijana mbichi, akachukuliwa na wakala Wilhelmina Cooper, na kufikia 1979 alikuwa kwenye jalada la jarida la mitindo la Vogue, la Uingereza na la Ufaransa. Machi 1980 Wilhelmina akafa kwa saratani ya mapafu. Heroini ikamshika Gia. Jalada lake la mwisho kubwa, la Cosmopolitan, lilitoka Aprili 1982. Tarehe 18 Novemba 1986 alifariki kwa maradhi yatokanayo na UKIMWI, akiwa na miaka 26. Angelina Jolie aliyemwigiza, na Faye Dunaway aliyemwigiza Wilhelmina, wote wawili walipata tuzo ya Golden Globe.

Itazame mara mbili. Mara ya kwanza kama mtazamaji wa kawaida. Mara ya pili kaa na kalamu, ugawe ukurasa katika safu tatu: maonyesho ambapo yuko kazini, maonyesho ambapo mtu mwingine anaamua jambo juu yake, na maonyesho ambapo anaumia tu. Ukimaliza utaiona filamu ilivyosukwa.

Mambo mawili yanafaa kuigwa. La kwanza, filamu inawaleta waliomjua wakizungumza na kamera kama wanaohojiwa, na hawakubaliani. Mbinu hiyo ni rahisi kwa bajeti ndogo, kwa sababu unahitaji kiti, ukuta na mwigizaji mzuri, na inamkumbusha mtazamaji kwamba hakuna aliyemjua marehemu mzimamzima. La pili ni mama. Mama yake aliondoka nyumbani Gia akiwa na miaka 11, na kila uhusiano anaoujenga baadaye unabeba pengo hilo. Filamu hailitangazi kwa maneno, inaliacha lionekane.

Jambo moja usiliige. Kwa macho yangu, filamu inakawia sana kwenye mwili wake na haikawii vya kutosha kwenye mikataba yake. Tunaona ngozi kuliko tunavyoona hundi. Hapo ndipo filamu yako inaweza kwenda mbele zaidi.

Hatua ya 2: Tenganisha mtu na hadithi iliyouzwa

Tasnia ya mitindo inauza nguo, na inauza hadithi pia. Mfano mzuri zaidi ninaoujua ulianzia hapahapa Nairobi. Mwaka 1975, mpiga picha Mmarekani Peter Beard alikutana na Iman, msichana Msomali, binti wa balozi, aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Alipofika naye Marekani, waandishi wa habari walisimuliwa kwamba alimkuta nyikani akichunga mifugo. Wakaliandika hilo, na wengi wakaliamini. Iman alikuwa msomi anayezungumza lugha kadhaa, na wakala aliyemchukua New York ni yuleyule Wilhelmina ambaye miaka michache baadaye angemchukua Gia.

Iman hakuharibikiwa, alijenga kampuni yake ya vipodozi na akaheshimika. Ninamtaja kwa sababu ya ule uongo wa mwanzo. Kila mwanamitindo unayetaka kumsimulia ana hadithi ya namna hiyo iliyobandikwa juu ya maisha yake: alionwa kwenye foleni ya matatu, alitoka mtaa wa mabanda bila viatu, hakuwa amewahi kuona kioo kikubwa. Huenda ni kweli, huenda ni maneno ya wakala.

Kwa hiyo chukua daftari. Ukurasa wa kushoto andika yaliyosemwa, wa kulia andika unavyojua kwamba ni kweli: cheti cha shule, picha yenye tarehe nyuma, mkataba, watu wawili waliokuwapo na hawajapanga maneno pamoja. Upande wa kulia ukibaki mtupu, jambo hilo haliingii kwenye filamu kama ukweli. Linaweza kuingia kama maneno ya mhusika fulani, na hapo linakuwa na utamu wake, maana mtazamaji anamwona nani anafaidika kulisema.

Usiishie magazetini. Watafute mpambaji, msusi, dereva, fundi wa cherehani aliyepunguza nguo usiku wa maonyesho. Wapiga picha na wakala hukumbuka sura. Hawa hukumbuka kama msichana alikuwa amekula.

Hatua ya 3: Nenda kwa familia kabla ya kwenda kwa wakili

Sheria inakuja katika hatua inayofuata, lakini ukianza na karatasi utafungiwa mlango. Tumwite marehemu wetu Nafula. Usimpigie mamake simu ukamweleza filamu. Tafuta mtu anayeheshimika katika ukoo, shangazi au kaka mkubwa, akupeleke. Usiende mikono mitupu: sukari, maziwa, mkate, majani chai. Na siku ya kwanza usibebe kamera.

Mazungumzo yenyewe yaende polepole. Kwa mfano:

“Mama Nafula, poleni sana na yaliyowapata.”

“Asante, mwanangu. Karibu ndani.”

Chai inywewe kwanza. Kisha mwambie wazi wewe ni nani na unataka nini. Uwe tayari kwa swali ambalo karibu kila mama ataliuliza kwa namna yake: “Mnataka kumfufua ili mumwaibishe tena?”

Usijibu kwa ahadi kubwa. Mwambie ukweli: “Mama, yale magumu yatakuwamo. Lakini leo nimekuja kusikia alikuwa mtoto wa namna gani kabla ya hizo picha.” Halafu nyamaza. Mama akianza kusimulia jinsi binti yake alivyokuwa akivaa viatu vyake akapita mbele ya jirani kama yuko jukwaani, usimkatize kuuliza tarehe. Tarehe utazipata kwingine.

Ziara ya pili au ya tatu ndipo uzungumze mambo haya: nani katika familia ana neno la mwisho, jambo gani hawataki kabisa lionyeshwe, watapata nini filamu ikiingiza pesa, na kwamba wataiona kabla ya umma. Hilo la pesa lisemwe mapema na liandikwe. Nimeona miradi mizuri ikifa kwa sababu ndugu mmoja alisikia mtaani kwamba kuna mamilioni.

Nakuomba jambo moja hapa. Kama marehemu aliacha mtoto, na mtoto huyo yuko shuleni, filamu ipangwe kwa kumfikiria yeye. Atakayechekwa darasani ni yeye.

Hatua ya 4: Karatasi na sheria

Mtafute wakili anayejua kazi za sanaa. Haya yafuatayo ni ya kukusaidia kumuuliza maswali ya maana.

Marehemu hawezi kukashifiwa kisheria, lakini walio hai wanaweza. Wakala, mpiga picha, mpenzi wa zamani, yeyote anayetambulika kwenye filamu yako, akionyeshwa kwa uongo unaomharibia jina, anaweza kukushtaki kwa mujibu wa Sheria ya Kashfa, Sura ya 36. Ana miezi 12 ya kufungua kesi. Kubadilisha jina peke yake hakukulindi iwapo kila mtu mjini atajua ni nani. Badilisha kazi, umri, mwonekano, au unganisha watu watatu wawe mhusika mmoja. Hata kwenye Gia, mpenzi wake anaitwa Linda, jina la kubuni.

Habari za UKIMWI zina ulinzi wa pekee, na hapa watengenezaji wengi hawajui wanakanyaga wapi. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2006, kifungu cha 22, inakataza kufichua matokeo ya kipimo cha mtu bila idhini yake ya maandishi. Akiwa amefariki, idhini hiyo hutolewa na mwenzi wake au msimamizi wa mirathi yake. Idhini ya mdomo ya binamu haitoshi. Ukiikosa, acha ugonjwa usitajwe.

Shajara na barua. Mama anaweza kukupa daftari la binti yake, lakini daftari kuwa mkononi mwako hakukupi haki ya kunukuu yaliyomo. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, haki ya maandishi hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliokufa mwandishi, na inarithiwa. Anayetoa ruhusa ni msimamizi wa mirathi aliyepewa barua za usimamizi na mahakama. Muulize wakili kama familia inazo. Mara nyingi haina, na kuzitafuta huchukua muda, kwa hiyo anzeni mapema.

Picha za zamani nazo si za aliyepigwa. Ni za mpiga picha, au za aliyemwagiza na kumlipa kazi hiyo, kulingana na makubaliano yao. Kama huwezi kuzilipia, piga upya: mweke mwigizaji wako katika mkao unaofanana na wa enzi hizo bila kunakili picha yenyewe.

Kisha hati ya ridhaa, kwa kila utakayemhoji na kila atakayeonekana. Iandikwe kwa Kiswahili anachokielewa, isomwe kwa sauti mbele yake, na nakala abaki nayo.

Hatua ya 5: Chora ramani ya kazi yake

Bandika karatasi ndefu ukutani. Weka miaka. Juu ya mstari andika maisha yake ya nyumbani. Chini ya mstari andika kazi: alifanya wapi, kwa nani, alilipwa kiasi gani, wakala alikata kiasi gani, pesa ilifika lini au haikufika. Ukipata risiti moja au ujumbe mmoja wa simu wa kudai malipo, ni dhahabu.

Ramani hiyo itakuonyesha jambo ambalo mahojiano hayatakuonyesha. Mara nyingi utakuta kwamba mwezi alioanza kutumia dawa sana ndio mwezi aliokuwa akifanya kazi nyingi zaidi, au ndio mwezi aliokufa mtu aliyekuwa akimshika mkono. Kwa Gia, kifo cha Wilhelmina mwaka 1980 ni mstari wa namna hiyo. Kabla yake kuna mtu mzima anayejali ratiba yake. Baada yake kuna wateja tu.

Tafuta pia mara alizojaribu kuacha. Filamu nyingi huzipitia mbio kwa sababu haziwaki kwenye skrini, lakini ndizo zinazomfanya awe mtu. Kuna aliyelala siku nzima chini ya blanketi akitetemeka kwa arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, dada yake akimshikia beseni. Kama Nafula wako aliishi Nairobi baada ya 2014, uliza kama alifika kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, pale hospitali ya Mathari, iliyoanza mwaka huo. Kwenda kila siku kunywa dawa mbele ya muuguzi, kwa matatu mbili kwenda na mbili kurudi, huku unatafuta kazi ya picha, ni filamu tosha.

Hatua ya 6: Andika skripti

Ukurasa mmoja wa skripti ni takriban dakika moja ya filamu. Ushauri wangu: kama hujawahi kumaliza filamu ndefu, andika kurasa 15, si 90. Chukua kipande kimoja cha maisha, wiki moja tu ikiwezekana, na uache mengine yasikike kwa mbali. Kuanzia kuzaliwa hadi kaburini ni njia inayochosha, na kila mtu tayari anajua mwisho.

Kila onyesho lijibu swali hili: nani alimwona, na alifanya nini baada ya kumwona? Hapa kuna onyesho la mfano.

NDANI. STUDIO, INDUSTRIAL AREA. ASUBUHI.
Nafula ameketi juu ya stuli ya plastiki, leso mabegani. Anti Rozi, mpambaji, anampaka poda mkono wa kushoto kutoka begani kwenda chini. Anafika kwenye kiwiko. Mkono unasimama.
ANTI ROZI: Nafula. Hii ni nini?
NAFULA: Mbu, anti.
Anti Rozi anatazama mlango. Anafungua kisanduku chake, anatoa sifongo pana zaidi na rangi nzito zaidi.
SAUTI YA MPIGA PICHA (kutoka nje): Tuko tayari?
ANTI ROZI: Dakika tano, bosi.
Anaanza kupaka. Nafula anafumba macho.

Sindano haionekani. Hakuna anayelia. Anti Rozi si mtu mbaya, anampenda, na pengine ana karo ya kulipa wiki hiyo. Lakini ameona, na amefunika. Mwenye studio hata hakuhitaji kuomba. Onyesho kama hilo linasema juu ya tasnia kuliko hotuba nzima, na linapigwa kwa watu wawili, taa moja na asubuhi moja. Rangi ya kufunika alama haikubuniwa na mimi; picha za Gia za mwishoni mwa 1980 zililazimu kusafishwa ili alama za mikononi zisionekane gazetini.

Kwenye matumizi ya dawa, usionyeshe namna ya kuchanganya, kifaa kwa kifaa. Mtazamaji aliyeacha anaweza kuvutwa tena na picha ya kijiko na moto tu. Onyesha kabla na baada: mlango unaofungwa, simu inayoita bila kupokewa, rafiki anayegonga. Ikiwa maisha hayo yaliisha kwa kujiua, usionyeshe njia wala usiifanye ionekane kama pumziko. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa watengenezaji filamu juu ya jambo hilo, wa mwaka 2019, na unafaa kusomwa na kikosi kizima.

Na kama hadithi yako inagusa UKIMWI wa miaka ya themanini, mtazamaji wa leo aelezwe wakati ulivyokuwa. Kenya ilirekodi mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1984. Gia alikufa miezi minne tu kabla ya AZT, dawa ya kwanza ya UKIMWI, kuidhinishwa Marekani Machi 1987. Leo ARV, dawa za kupunguza makali ya virusi, zinatolewa bure katika hospitali za umma na watu wanaishi hadi uzee. Kijana anayeishi na virusi, ameketi safu ya tatu, asitoke ukumbini akidhani ameona kesho yake.

Hatua ya 7: Mwigizaji

Usimchague kwa sababu anafanana na marehemu. Mchague anayeweza kuketi bila kufanya lolote na bado ukamtazama. Kwenye usaili mpe onyesho la kusubiri: ameambiwa apokee malipo saa tatu, sasa ni saa saba, mhasibu hayupo. Anayeweza kulicheza hilo bila maneno ndiye.

Akishapatikana, mlinde. Asikondeshwe kwa ajili ya filamu. Nguo pana na mwanga wa pembeni vitamkondesha. Maonyesho ya mwili wazi yakubaliwe kwa maandishi kabla ya siku ya kupiga, sentensi kwa sentensi, na siku hiyo wabaki chumbani wanaohitajika tu. Baada ya onyesho zito, mtu akae naye, ale, na usafiri wa kumfikisha nyumbani ulipwe. Asiachwe kituoni saa nne usiku akiwa bado amebeba maumivu ya mtu mwingine. Ingekuwa ajabu kutengeneza filamu juu ya msichana aliyetumiwa, kwa kumtumia msichana mwingine.

Hatua ya 8: Jenga miaka yake

Nairobi inabadilika upesi na watazamaji wake wana macho makali. Kosa dogo la mwaka litawatoa kwenye hadithi. Haya ndiyo ya kuchunga:

Mstari wa manjano kwenye matatu ulikuja na sheria za waziri Michuki za kudhibiti matatu mwaka 2004. Kibanda cha M-Pesa kabla ya 2007 ni kosa. Noti zilibadilika 2019, kwa hiyo onyesho la kulipwa taslimu kabla ya hapo linahitaji noti zenye sura za marais. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017. Kabla yake ilikuwa imening'inia kila ua, na mama akirudi sokoni lazima awe nayo. Barabara ya Mwendokasi, yaani Nairobi Expressway, ilifunguliwa 2022, na nguzo zake zinaonekana kila unapoelekeza kamera kwenye Mombasa Road au Waiyaki Way. Kwa hadithi ya zamani, geuza kamera upande mwingine au pigia vichochoroni.

Nguo zitafute Gikomba na Toi, alfajiri, marobota yanapofunguliwa. Mabega makubwa ya miaka ya themanini bado yanapatikana kwenye koti za mitumba. Nywele, nenda Kenyatta Market. Wasusi wa pale wakikutajia mtindo uliokuwa ukisukwa mwaka fulani, uandike chini, maana vitabu havina.

Hatua ya 9: Leseni na siku za kupiga

Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, huruhusiwi kupiga filamu ya kuonyesha umma bila leseni, wala kuionyesha bila cheti. Bodi ya Kuainisha Filamu, KFCB, ndiyo inayoainisha: GE kwa wote, PG kwa uongozi wa mzazi, kisha 16 na 18. Hadithi ya dawa za kulevya jiandae kwa 16 au 18, na upange soko lako ukijua hilo.

Kama marehemu alipenda mtu wa jinsia yake, kama Gia alivyopenda wanawake, lazima ujue yaliyompata mwelekezi Mkenya Wanuri Kahiu. Filamu yake Rafiki, ya wasichana wawili wanaopendana, ilipigwa marufuku Aprili 2018, na Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku saba kwa watu wazima. Siwezi kukuamulia. Ninalosema ni kwamba kumpachika marehemu mchumba wa uongo ili cheti kipatikane ni kumzika mara ya pili. Heri uchague kipande kingine cha maisha yake ukisimulie kwa ukweli.

Kwa barabara za katikati ya jiji, pata kibali cha kaunti, la sivyo kanjo, askari wa kaunti, watabeba vifaa kabla hujafungua taa. Peleka barua kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi cha eneo, pia. Droni ina masharti yake kwa mamlaka ya usafiri wa anga.

Jua la Nairobi saa sita liko utosini na linachimba mashimo machoni pa mtu yeyote, hata mrembo. Nje piga kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa tisa alasiri. Julai na Agosti mawingu hufunika anga na mwanga unakuwa laini siku nzima. Ni majira mazuri kwa sura. Epuka Aprili na Novemba kama una maonyesho mengi ya nje. Sauti sikiliza mapema: South C na Lang'ata ndege za Wilson hupita juu yako, na karibu na stendi hakuna dakika isiyo na honi. Kurasa nne kwa siku ni mwendo wa kadiri, kwa hiyo filamu ya kurasa 15 inakuhitaji siku nne, na ya tano iwe akiba ya mvua.

Hatua ya 10: Uhariri na maonyesho ya kwanza

Ukiwa mezani, rudi kwenye zile safu tatu za hatua ya kwanza na uzijaze kwa filamu yako mwenyewe. Safu ya kuumia ikiwa ndefu kuliko ya kazi, kata. Muziki wa huzuni uuondoe wote, utazame bila huo, kisha urudishe pale tu ambapo onyesho linauhitaji kweli.

Onyesho la kwanza ni la familia, chumbani, bila wageni. Mama aketi karibu na mlango ili aweze kutoka akitaka. Usimuulize kama ameipenda. Muulize kama kuna jambo si kweli, na kama lipo, lirekebishe. Kama kuna jambo ni kweli lakini linamuumiza, mzungumze, ukikumbuka mlichoandikiana.

Kwa umma, filamu fupi zina nafasi katika ukumbi wa sinema wa Unseen pale Kilimani, Alliance Française na Goethe-Institut. Wapelekee maombi miezi kadhaa kabla, na cheti cha KFCB kiwe tayari. Kwenye majina ya mwisho weka nambari 1192 ya NACADA, mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya, ya bure, na iache kwenye skrini muda wa kutosha mtu kuinakili. Muombe mshauri nasaha mmoja awepo ukumbini. Baada ya taa kuwaka, kabla ya maswali kwa mwelekezi, atambulishwe kwa jina na aonyeshwe alipoketi.